Tezo la Alute

Siku Alute alipojigamba barazani, mkewe alikuwa ameketi nyuma yake na wanawake wenzake, ungo mapajani, akichambua choroko. Kama angegeuka nyuma mara moja tu kabla ya kufungua mdomo, mengi yasingetokea. Lakini mwanamume akishasifiwa mbele za watu shingo yake hukakamaa, na Alute alikuwa anasifiwa tangu asubuhi.

Baraza lilikuwa la kijiji kipya cha Umoja, kando ya barabara ya Ihanja, mwaka wa pili tangu watu waache maboma yao na kuja kujipanga kwa mistari. Mwenyekiti Bonifasi, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, alikuwa ameshika kigoda cha mninga mkono mmoja na kichana cha pembe ya ng'ombe mkono wa pili, vyote kazi ya Alute, akiwazungushia watu wavione. Kijiji kilitakiwa na bwana maendeleo, ofisa wa wilaya, kiwe na kikundi cha ufundi. Banda la kikundi lilikwisha ezekwa. Kilichokosekana ni vifaa, maana mjini Singida matezo na patasi vilikuwa vimeadimika kuliko sukari.

"Sasa ndugu Alute," Bonifasi akauliza, "hivi vyombo vyako vya kazi ulivinunua wapi?"

"Kununua?" Alute akasimama, akacheka. "Mwenyekiti, mimi sijanunua chombo cha kazi tangu niijue kazi. Tezo, patasi, kisu cha kukombea vigoda, keekee ya kutobolea pembe, vyote nimevitengeneza kwa mikono hii miwili. Hakuna aliyenisaidia hata kupuliza moto."

Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo angekaa. Lakini Alute aliona mchuzi bado haujakolea, akaongeza chumvi.

"Mleteni huyo bwana maendeleo wa wilayani! Nitatengeneza tezo mbele ya macho yake na yenu, kuanzia springi ya lori mpaka linachonga!"

Makofi yakazidi. Bonifasi akatangaza papo hapo kwamba bwana maendeleo atakuja kabla ya mvua, na kwamba tezo lile likifanya kazi kikundi kitaandikishwa na Alute atakuwa mkuu wake. Lisipofanya kazi, banda litageuzwa ghala la mbegu, na mafundi wote watashika jembe kama wenzao.

Nyuma yao ungo ulikuwa umetulia. Theodora aliinama, akaokota choroko zilizomwagika, akazipuliza vumbi, akaendelea kuchambua.

Sasa ukweli wa nyumba ile ulikuwa hivi. Alute alijua mti, na alijua pembe. Angeweza kuchemsha pembe mpaka ikalegea, akaipasua, akaibana katikati ya mbao mbili mpaka ikalala bapa kama karatasi, kisha akaikata vichana ambavyo wanawake wa Ihanja walivigombea. Hata chuma alikifua vizuri, akakipa umbo. Lakini chuma kilichofuliwa tu hakina maana. Lazima kikazwe kwa moto na maji, ndipo kishike makali. Kazi hiyo Alute hakuijua. Aliijua Theodora.

Theodora alikuwa Mnyiramba, binti wa mfua chuma mmoja aliyeitwa Damiani. Alikuwa akikaza vyombo vya mumewe jikoni mwake, mlango umerudishwa, mvukuto mdogo wa ngozi ya mbuzi chini ya kwapa. Alute hakukaa humo. Alikuwa akisimama nje na kugongagonga kipande cha chuma kikuukuu, ili mpita njia adhani fundi yuko kazini. Mambo yakaenda hivyo tangu Cecilia, binti yao, akiwa mgongoni, mpaka Cecilia akaolewa kule Puma, na hakuna jirani aliyejua. Theodora mwenyewe hakuwa na haja wajue. Kunyamaza aliweza. Kukanwa mbele za watu, na mtu anayekula ugali wake, hilo hakuliweza, na lilimuuma.

*

Jioni ile alimpakulia mumewe ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na mlenda, akaketi mbali.

"Mama Cecilia," Alute akasema akiwa bado na furaha yake, "umewasikia walivyopiga makofi?"

"Nimewasikia."

"Springi ninayo, ile aliyoniuzia Shantilal kule mjini. Kesho nitaifua. Keshokutwa utanikazia kijipatasi kimoja tujaribu kama chuma chenyewe ni kizuri."

"Nani akukazie?"

"Wewe."

"Mimi?" Theodora akashangaa kwa adabu zote. "Baba Cecilia, mimi nilisikia hakuna aliyekusaidia hata kupuliza moto. Nilikuwepo. Nilikuwa na ungo."

Alute akatafuna polepole. Ugali wa yanga, ambao siku zote aliulaumu, siku ile ulimwia mgumu zaidi.

"Yale yalikuwa maneno ya barazani tu," alisema.

"Haya. Na moto wa jikoni ni wa uji tu."

Akachukua bakuli lake, akatoka. Kutoka siku hiyo alimpikia, alimfulia, alimjibu salamu, alikwenda shamba la kijiji kengele ilipogongwa na akarudi wakati wenzake wanarudi. Ila mvukuto wa mbuzi aliutundika juu ukutani, na maneno juu ya chuma hayakuwepo tena nyumbani mle.

*

Alute akajipa moyo. Kwani kazi yenyewe ni nini? Unatia chuma motoni, kinakuwa chekundu, unatia majini. Amesimama nje ya jiko lile miaka yote hiyo. Hata mbuzi angekwisha jifunza.

Akawasha moto pale bandani, mchana, mbele ya Simoni, kijana aliyekuwa mwanakikundi na aliyejua kucheka kuliko kuchonga. Simoni akavuta mvukuto mkubwa wa kijiji. Alute akatazama patasi yake ndani ya makaa, jua la Singida likimulika mpaka ndani. Akaiona bado nyeusi. "Ongeza," akasema. Simoni akaongeza. Alute akaona wekundu kwa mbali, kama unaanza tu. "Ongeza." Mwisho akaitoa, akaitumbukiza. Maji yakapiga kelele nzuri ya kikazi, wote wawili wakafurahi.

Kisha Alute akaiweka juu ya pembe, akagonga mara moja. Ncha ya patasi ikaruka, ikatua karibu na miguu ya Simoni.

Simoni akaiokota. "Fundi, hiki ni chuma au muhogo mkavu?"

"Springi ya Shantilal mbovu," Alute akasema.

Ya pili akaogopa kuichoma sana, akaitoa mapema. Hiyo haikuvunjika. Ilijikunja kwenye mninga kama kijiko cha bati, Simoni akalazimika kwenda nyuma ya banda acheke kwa nafasi. Ya tatu ilipasuka ndani ya maji yenyewe, kwa mlio mdogo wa dharau.

Hapo Alute akafanya kosa kubwa kuliko la barazani. Alichukua kisu chake cha kukombea, kile kilichopinda, alichochongea kigoda chake cha kwanza cha kuuza, akakitia motoni ili aone wekundu wake unafananaje na wa vile vingine. Alikuwa na wazo kwamba chuma kilichokwisha jua njia kitamfundisha. Akakitumbukiza majini kama vile vingine. Kilipotoka kilikuwa na ufa mwembamba kutoka makalini hadi shingoni.

Simoni safari hii hakucheka. "Pole, fundi," alisema.

Alute akakifunga kile kisu katika kitambaa, akakipeleka nyumbani, akakiweka juu ya kitanda upande wa mkewe. Theodora alikikuta, akakifungua, akapitisha kidole kwenye ufa. Alikikaza mwaka ule Cecilia alipoanza kutambaa. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa khanga, akakasirika upya kwa sababu yametoka.

*

Mtu maji yakimfika shingoni hukumbuka duka. Alute akapanda lori la ushirika, akashuka Singida mjini, akaenda moja kwa moja kwa Shantilal, muuza vyuma na misumari, ambaye walifahamiana kwa biashara ya vichana. Ramila, mke wa Shantilal, ndiye aliyekuwa mbele ya duka, miwani puani.

"Fundi Alute! Habari za siku nyingi? Umeleta vichana?"

"Nzuri, mama. Leo nimekuja kununua. Nataka tezo."

"Matezo hayajaingia tangu mwaka jana. Patasi zipo mbili." Akaziweka mezani.

Alute akaichukua moja, akaipima kwa kidole gumba, akaigonga kwa ukucha, akaitazama kwa jicho moja. Ilikuwa bapa, nene, ya kufungulia masanduku. Hapo hata pembe ya mbuzi isingetoboka.

"Unaipenda?" Ramila akauliza.

"Siyo mbaya."

"Siyo mbaya! Si wewe uliyesimama hapo hapo ukaniambia patasi za dukani zinafaa kupakulia ugali?"

"Nilisema hivyo?"

"Mbele ya wateja. Nikashindwa kuziuza mwezi mzima."

Kutoka nyuma ya mapazia Shantilal akacheka, akatokea akijifuta mikono. "Kwani zako zimekwenda wapi, Alute? Zile ulizotengeneza mwenyewe?"

"Zile nilizotengeneza mwe..." Neno likamkwama. Barazani lilitoka lenyewe likiwa na mafuta, lakini hapa, mbele ya watu wawili tu, lilikataa katakata. "Zimevunjika," akamalizia.

Ramila akamtazama juu ya miwani. Alikuwa mke wa mtu kwa muda mrefu, akaelewa zaidi ya alichoambiwa.

"Mama Cecilia mzima?"

"Mzima. Ila amenuna."

"Basi weka chini hiyo patasi, uchukue khanga." Akamfungulia doti kadhaa. Alute akachagua haraka moja yenye rangi ya machungwa na mbegu za kijani. Ramila akasoma maandishi yake, akasita. "Una hakika na hii?"

"Rangi yake nzuri."

"Rangi ni nzuri," Ramila akakubali, akaikunja.

*

Theodora aliipokea khanga kwa mikono miwili, maana alilelewa vizuri. Akaikunjua mlangoni kwenye mwanga wa jioni, akasoma kwa sauti: "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Akamtazama mumewe. Mumewe, ambaye alisoma kwa kuunga herufi moja moja na hakuwa ameziunga hizo, akatazama kuku. Theodora akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango, na Alute naye, asijue anacheka nini, akacheka kwa kushukuru tu kwamba pamechekwa.

"Basi yameisha," alisema.

"Hayajaisha." Theodora akajifuta macho. "Khanga nimepokea. Asante. Lakini sitaki khanga, Baba Cecilia. Nataka useme."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Alute akaketi. Akaanza kupatana kama anapatana mahari. "Nitamwambia balozi wa nyumba kumi. Kesho asubuhi."

"Balozi alikuwepo barazani. Atasikia pamoja na wenzake."

"Nitamwambia padri akija."

"Padri utamnong'oneza. Mimi hukunikana kwa kunong'ona."

"Nitamwambia kaka yako Iramba, na kuku nitampelekea."

"Kaka yangu anajua. Nani alimkazia jembe lake?"

Alute akaacha kupatana. "Mama Cecilia, watanicheka. Watasema Alute anapikiwa mpaka chuma. Na wazee watasema mwanamke kwenye moto wa kufulia ni mkosi. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua. Baba yangu macho yake yalipoingia ukungu hakuweza tena kuona rangi ya moto. Alikuwa ananiita, 'Theodora, njoo uwe macho yangu,' na chuma kikiiva mimi namwambia, sasa, baba. Akanisihi nisimwambie mtu wakati yu hai. Sikusema. Amekufa, na bado sikusema, kwa ajili yako." Akaishusha khanga. "Nalima shamba la kijiji mpaka jua linakuwa kali. Narudi nakaza vyombo vyako. Jioni wanakusifu wewe. Sijalalamika. Lakini usisimame ukasema hakuna mtu. Mimi ni mtu."

Alute aliona haya, na pia aliogopa, na kati ya vitu hivyo viwili siku ile hofu ilikuwa kubwa. Akasema atafikiri. Theodora akakunja khanga yake, akaingia jikoni.

*

Bwana maendeleo alikuja juu ya pikipiki, kofia ya nyasi kichwani, mtu mpole mwenye kiu. Alipewa togwa, akapewa kiti, akapewa kivuli. Kijiji kizima kilikuwa kimelizunguka banda, wanaume mbele, wanawake upande wa kulia. Theodora alikuwa amejifunga khanga ya machungwa. Safari hii hakuja na ungo.

Mwanzo ulikuwa wa Alute. Alikifua kile kipande cha springi kwa nyundo nzito, jasho likimtiririka, na kila pigo lilianguka mahali pake. Kipande kikatanuka, kikapinda shingo, kikawa tezo kamili la kuvutia macho. Watu walishangilia. Bonifasi alimwinamia bwana maendeleo, akamwambia, "Huyu ni wa kwetu."

Kisha ikafika zamu ya moto wa mwisho. Simoni akavuta mvukuto. Alute akatia tezo katikati ya makaa, akatazama. Jua lilikuwa linaingia bandani kila upande. Akaliona jeusi. Akasubiri. Akaliona bado jeusi, au labda jekundu, nani ajuaye? Akainua macho kumtafuta mkewe.

Theodora hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama moto. Na cheche ndogo nyeupe zilipoanza kuruka kutoka kwenye ncha ya chuma, mwili wake ukanyanyuka wenyewe, nusu kusimama, mkono umenyooshwa mbele kama mama anayemwona mtoto akielekea kisimani. Alikuwa amekasirika na bado amekasirika, lakini chuma kizuri kilikuwa kinaharibika mbele yake na asingeweza kuvumilia. Kisha akajikumbuka. Akaketi, akafunga midomo.

Alute aliona yote hayo. Akalichomoa tezo, akaliweka juu ya mchanga.

"Simoni, acha kuvuta."

"Bado maji, fundi."

"Acha, nimesema." Akageukia watu, akavua kofia. "Ndugu zangu. Elimu yangu inaishia hapa."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa mafundi.

"Siku ile nilisema uongo. Kufua nafua, mmeona. Kuchonga nachonga. Lakini vyombo vyangu vyote tangu nioe vinakazwa na mke wangu, huyu Theodora aliyekaa pale. Mimi sijui. Nimejaribu nikavunja vitatu, muulizeni Simoni."

"Vinne," Simoni akasema, "pamoja na kisu."

Kicheko kilichopasuka hapo kilitisha ng'ombe. "Kumbe Alute anapikiwa mpaka chuma!" mtu akapaza sauti, na Alute, aliyekuwa ameliogopa neno hilo kwa majuma, alilipokea akiwa amesimama na kofia mkononi, masikio yanawaka. Bwana maendeleo naye alicheka ndani ya togwa. Bonifasi ndiye peke yake hakucheka. Alikuwa anafikiria ghala la mbegu.

Mzee Paskali, mfugaji aliyeheshimiwa, akainuka kwa fimbo yake. "Mwanamke na moto wa kufulia haviendi pamoja. Chuma kitapasuka. Hayo ni ya tangu zamani."

Theodora akasimama, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kile kisu cha kuchunia ng'ombe alichokutengenezea Baba Cecilia, kimepasuka?"

Mzee Paskali akafikiri. "Hapana."

"Nimeuliza tu, mzee." Akaja mbele, akalichukua tezo kwa koleo, akaligeuza kulitazama tumbo na mgongo. "Bado halijafa. Lakini hapa hapafai. Kwenye jua chuma kimekwisha iva na wewe unakiona kibichi. Kinataka giza, ndipo kikwambie ukweli. Lileteni jikoni kwangu."

Alute alifumbua mdomo. Miaka yote ile alidhani mlango ulirudishwa kwa sababu ya majirani.

*

Jiko la Theodora lilikuwa la tembe, lenye dari ya udongo ya kuinamia, na Bonifasi alikwisha lisema mara kadhaa kwamba ni aibu kwa kijiji cha maendeleo kuwa na jiko lisilo na dirisha. Sasa kijiji kizima kilitaka kuingia ndani yake. Wanawake waliingia kwanza, maana jikoni ni kwao na hawakuomba ruhusa ya mtu, wakajaa mpaka ukutani. Wanaume wakabaki nje na bwana maendeleo wao, wakisikiliza.

"Wanafanya nini?" bwana maendeleo akauliza.

"Wanapuliza moto," akasema Bonifasi, kwa uhodari wa mtu ambaye haoni kitu.

Kutoka ndani sauti ikaita: "Baba Cecilia! Njoo ushike mvukuto!"

Wanaume wakapigana viwiko. Alute akainama mlangoni, akaingia, akachuchumaa katikati ya miguu ya wanawake, akashika mvukuto mdogo wa ngozi ya mbuzi. Moshi ukamtoa machozi, akavumilia. Theodora akamsogezea bega.

"Tazama sasa. Hapo bado. Hapo bado. Unaona wekundu unavyopanda kutoka ndani? Ngoja ufanane na jua linapogusa vilima. Si jua la mchana. La jioni. Haya, sasa!"

Na Alute akauona. Katika giza lile wekundu ulikuwa wazi kabisa, hauna shaka hata kidogo, na ulikuwa mzuri. Akataka kusema kitu, lakini tezo lilikwisha zama majini, na wanawake wakashangilia kwa vigelegele.

Theodora akalisugua makali kwa jiwe mpaka yakang'aa, akalirudisha juu ya makaa kwa mbali ili lipungue ugumu lisije likavunjika, kisha akatoka nalo mlangoni kwenye kivuli. "Hii sasa inataka mwanga kidogo. Itakuja rangi ya asali. Ikifika makalini, tezo linarudi majini. Ikipita, tumekwisha."

Wanaume wakasongamana. Rangi ikaanza kutambaa juu ya chuma, njano nyepesi, ikikolea. Sasa hapo walikuwepo watu waliotundika mizinga tangu utoto, na asali hawakufundishwa na mtu.

"Bado, hiyo ni ya nyuki wadogo," mmoja akasema.

"Ya nyuki wadogo ni nyeusi, wewe! Hii ni ya masika."

"Subiri ifike ya kiangazi."

"Imefika! Imefika, mama, zamisha!"

Aliyepiga kelele hiyo ya mwisho alikuwa Mzee Paskali, na fimbo yake ilikuwa imemdondoka.

Theodora akalizamisha. Hakuna kilichopasuka.

Alute akalitia mpini, akapanda juu ya gogo la mninga, akachonga. Vipande viliruka virefu na laini. Akachonga kwenye fundo la mti, makali yakapita. Akapasulia pembe iliyochemshwa, ikafunguka kama ganda la karanga. Akampa bwana maendeleo akague, naye akalipapasa kwa kidole, likamkata, akasema, akikinyonya, kwamba ameridhika.

"Kikundi kiandikishwe," alisema. "Mkuu wake ni nani?"

Bonifasi akakohoa. "Ni ndugu Alute... pamoja na..."

"Pamoja na mimi," Theodora akasema. "Na siku za moto nisihesabiwe kuwa nimekwepa shamba. Kazi ni kazi, mwenyekiti. Si ndivyo unavyotuhutubia?"

Bonifasi alitafuta mahali alipohutubia kinyume chake, hakupaona.

*

Siku zilizofuata Alute alilipa. Kisimani, shambani, njia ya Ihanja, walimwita mume wa fundi, wakamuuliza kama leo amepikiwa nyundo au msumeno. Yeye alijibu kwamba amepikiwa vyote na ameshiba. Ilimchoma, tusidanganyane, mtu aliyezoea makofi hawezi kuzoea kicheko kwa juma moja. Lakini nyumbani mvukuto ulikuwa umeshushwa ukutani, mkewe alikuwa anaimba akisaga, na yeye alikuwa amegundua kwamba alikuwa amechoka sana kugonga kile chuma kikuukuu cha kudanganyia watu.

Asubuhi moja alikuwa amekaa nje akikwangua kichana, akamwona Mzee Paskali anakuja polepole, kitu amekificha ndani ya shuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Karibu. Umetuletea nini? Lete nikione."

Alute akanyoosha mkono. Mzee hakukitoa kile kitu. Alitazama juu, akatazama kuku, akatazama njia aliyojia.

"Fundi yupo?" akauliza.

Alute alikuwa na tezo miguuni, kichana mkononi, na vumbi la pembe mpaka kwenye nyusi. Aliushusha ule mkono wake polepole. Kitu kikamchoma kifuani, kisha, kwa mshangao wake mwenyewe, kikageuka kikawa majivuno.

"Mama Cecilia!" akaita. "Una mgeni!"

Kutoka jikoni sauti ikajibu, "Muulize amekuja na nini. Kama ni kigoda, shughulika naye wewe. Kama ni chuma, anisubiri."

Alute akamtazama mzee. Mzee akaifunua shuka kidogo, likaonekana shoka kuukuu, limemeguka makali.

"Ni chuma," Mzee Paskali akasema kwa sauti ndogo.

"Basi kaa, mzee," Alute akamwambia, akamsogezea kigoda.